Seva nyingi, salio moja

Miamala ya malipo ikianza kuchelewa kwenye hifadhidata, ushauri wa kwanza huwa uleule: ongeza seva, kazi igawanywe, ifanyike sambamba. Kwa miamala isiyogusana ushauri huo una mashiko. Mtu wa Mwanza akimtumia nduguye pesa na mwingine wa Tanga akilipa karo, hakuna sababu ya mmoja kumngoja mwenzake.

Kasheshe iko kwenye akaunti inayoguswa na kila mtu. Chukua kampuni ya umeme inayopokea malipo ya maelfu ya wateja kwenye salio moja. Kila muamala ukilifunga salio hilo, mwingine asiliguse, kwa milisekunde 10, hupati zaidi ya miamala 100 kwa sekunde, hata ulete seva 1,000. Tena data ikisambazwa kwenye seva zilizo mbalimbali, kufuli hukaa zaidi, maana lazima zikubaliane kwanza kupitia mtandao. Dawa inayojulikana ni kuligawa salio vipande, tuseme 20, kila malipo yaangukie kimojawapo. Kupokea kunakuwa chapuchapu. Kujumlisha salio, au kulizuia lisishuke chini ya sifuri, ndiko kunakokuwa kazi. Kwa akaunti ya kupokea tu, ningeigawa bila kusita. Kwa inayolipa pia, la.

Usambamba ndani ya muamala mmoja ni habari nyingine. Katika uthibitishaji wa awamu mbili, yaani seva kuulizwa kwanza kama ziko tayari kisha kuamriwa kukamilisha, seva zote huulizwa kwa pamoja, lakini jibu humngoja aliye mzito kuliko wote. Kila seva ikiwa na uwezekano wa asilimia 1 wa kuchelewa, muamala unaogusa seva 10 una karibu asilimia 10.

CockroachDB, hifadhidata inayosambaza data kwenye seva nyingi, katika toleo la 19.2 la mwaka 2019, ilipunguza ngoja-ngoja hiyo: rekodi ya kuthibitisha huandikwa sambamba na data yenyewe, na mizunguko miwili ya makubaliano ikawa mmoja. Gharama huonekana seva inayoratibu ikizimika katikati: muamala mwingine unaokutana na ule hulazimika kukagua kila kilichoandikwa ili ijulikane kama ule wa kwanza ulikamilika. Kwa kuwa hilo si la kila siku, naona gharama hiyo inalipika. Ila kwa salio la kampuni ya umeme, hata kufuli likipungua hadi milisekunde 5, kikomo ni miamala 200 kwa sekunde, na swali la vipande vingapi bado linamngoja mbunifu wa hifadhidata kabla hajaagiza seva.