Bingo darasani: anayeshinda amejua nini?

Katika bingo ya mada, kila mwanafunzi hupewa kadi ya visanduku vyenye maneno ya somo; mwalimu husoma, mwanafunzi huweka alama kwenye neno husika, na wa kwanza kukamilisha mstari hupaza sauti "bingo!" na kushinda. Walimu wanaoupenda mchezo huu hutanguliza sababu moja: darasa zima linashiriki. Kwenye maswali ya kunyoosha mkono, wanafunzi wachache wale wale ndio hujibu na wengine hupumzika. Kwenye bingo kila mmoja ana kadi yake, na kila neno likisomwa anapaswa kulitafuta. Aliyewahi kufundisha kipindi cha mwisho cha siku anajua uzito wa jambo hilo.

Tena shuleni mchezo huu si mgeni. Katika karne ya 19 Wajerumani walitumia lotto, mchezo uliotangulia bingo, kuwafundisha watoto tahajia, majina ya wanyama na jedwali la kuzidisha. Leo kwenye visanduku huwekwa chochote: elementi za kemia, sehemu za ua, ngeli za nomino.

Wanaoupinga hulalamikia kelele na muda, lakini hoja yao nzito ni nyingine. Mwalimu akitamka "usanisinuru" na mwanafunzi akaweka alama penye "usanisinuru", amethibitisha tu kwamba anajua kusoma. Kwa mtoto anayeanza kusoma, au anayejifunza lugha ngeni na bado anaoanisha sauti na maandishi, hilo ndilo zoezi lenyewe. Kwa mwanafunzi wa sekondari, kipindi kimepotea.

Hapo ndipo mimi naona mchezo unapofaulu au kufeli: kwenye kile kinachosomwa. Soma maelezo, "mmea hutumia mwanga kujitengenezea chakula", na umwache mwanafunzi alitafute neno. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kwamba baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikuwa na kumbukumbu bora kuliko waliokirudia kukisoma, ingawa baada ya dakika 5 waliorudia ndio walioongoza. Tusiitumie kazi hiyo kuitetea bingo kupita kiasi, maana wanafunzi wale waliandika bila kuonyeshwa majibu, na kwenye bingo jibu lipo kwenye kadi, linasubiri kuchaguliwa. Hata hivyo, kuchagua kati ya maneno yanayokaribiana kunahitaji fikra, mradi mwalimu ameyapanga kwa makusudi.

Kasoro inayonisumbua zaidi ni ushindi wenyewe. Kadi ya visanduku 25, cha katikati kikiwa cha bure (hakina neno na huhesabiwa kuwa kimeshawekwa alama), ina maneno 24 na mistari 12 ya kushinda. Mistari 4 inapita katikati, kwa hiyo mwanafunzi anaweza kushinda kwa maneno 4 na kuwa gizani kwenye 20 yaliyobaki. Aliyepatia kila neno anaweza kushindwa kwa sababu ya mpangilio wa kadi yake. Watetezi hujibu kwamba bahati ndiyo inayompa mwanafunzi dhaifu nafasi adimu ya kushangiliwa, nami nakubaliana nao kabisa. Tatizo huja mwalimu anapoichukua sauti ya "bingo!" kuwa kipimo cha uelewa. Makosa ya wale walionyamaza hayajaonekana.

Njia ya kuyaona ni nyepesi. Badala ya kuweka alama kwa kokoto au punje, ambazo zikiondolewa haziachi kitu, kila mwanafunzi aandike ndani ya kisanduku namba ya maelezo yaliyosomwa. Kadi zikikusanywa, mwalimu ataona ni nani aliyeweka maelezo ya 7 kwenye neno lisilo lake, na ni wangapi walioteleza pale pale. Mshindi naye ayaeleze maneno ya mstari wake mbele ya wenzake kabla ya kukubaliwa. Kwa kazi hiyo kadi ya visanduku 9 inatosha, na wanafunzi wanaweza kuichora wenyewe kutoka orodha iliyo ubaoni.

Wazazi wengine huogopa harufu ya kamari. Bila dau hakuna kamari, lakini wasiwasi wao ni wa haki, na zawadi zikiondolewa mchezo haupungukiwi.

Nisingeitumia bingo kufungulia mada mpya, kwa kuwa mwanafunzi hawezi kukumbuka asichowahi kufundishwa. Wala nisingeitumia pale jibu linapohitaji hoja. Mwanafunzi anaweza kuoanisha tarehe na vita kwenye kadi, lakini kwa nini vita vilitokea ni swali la kuzungumzwa na kuandikwa, na muda wake usiliwe na mchezo.