Kilo mbili za Aitik, kilo hamsini za Kakula

Juzi tukinywa kahawa kazini, hapa Gällivare kaskazini mwa Uswidi, mwenzangu alinitazama akasema: “Shaba yetu ni safi. Ya kwenu Congo ni chafu.” Kahawa ilinikwama kooni.

Lakini niseme ukweli kwanza. Katika mgodi wa shaba wa Aitik, hapa Gällivare, malori yanayobeba zaidi ya tani 300 hupanda kutoka shimoni yakiendeshwa na umeme wa nyaya zilizo juu yake, kama tramu. Walianza 2018 na kipande cha mita 700 tu. Lori likifika chini ya nyaya linainua mikono yake, injini inapumzika, umeme wa mito unalipandisha. Likitoka hapo linarudia dizeli, ndiyo. Ila pale kwenye mwinuko, ambako lori hunywa mafuta kuliko popote, wameyapunguza sana.

Kinachonichoma ni jiwe lenyewe. Tani nzima ya mwamba wa Aitik ina shaba kilo mbili hivi. Mbili! Kwetu Congo, kwenye mgodi wa Kakula karibu na Kolwezi, kuna mwamba wenye zaidi ya kilo 50. Jimbo letu la Katanga liliitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997. Kabla Mzungu hajafika, wazee wetu waliiyeyusha kwa makaa wakaimimina kuwa misalaba ya kununulia na kuolea. Leo nifundishwe shaba na watu wa kilo mbili?

Na umeme wa maji tunao! Waya wa kutoka Inga, kwenye mabwawa ya umeme ya Mto Congo, hadi Kolwezi, kilomita zipatazo 1,700, ulikamilika 1982 kwa ajili ya migodi, ukapita juu ya vijiji visivyo na balbu hata moja. Hata hivyo migodi bado inawasha majenereta ya mazutu, yaani dizeli, na mama yangu mdogo, anayeuza samaki wa barafu palepale Kolwezi waya unapoishia, anawatupa umeme ukikatika.

Najua ninyi wa nyumbani Congo mtasema: “Ameonja theluji, sasa anatudharau.” Ningewadharau ningenyamaza. Mwingine ataniambia tuliporwa. Tuliporwa kweli, tangu kampuni ya migodi ya Wabelgiji, Union Minière, ya 1906, na sijasahau. Lakini mitambo ya Inga iliyokaa miaka bila matengenezo, ndugu yangu, hiyo iliachwa na Wabelgiji? Walikuwa wameshaondoka!

Yule mwenzangu nimemjibu leo: shaba yetu haina uchafu, uchafu uko kwenye mafuta tunayoichimbia. Akaniuliza kwa nini basi tusitumie umeme wa mto wetu. Nimekuja kuwauliza ninyi.