Flashi Imeenda Mbagala

Jamani, mimi ni prodyuza. Studio yangu ni chumba kimoja Tandika: magodoro mawili ukutani, kompyuta moja, na LUKU tunayochangia wapangaji sita. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, msanii anaendelea kuimba, mimi naendelea kulia.

Juzi kompyuta ikawa nzito. Fundi kaja, kaiangalia, kasema dawa yake kupiga windo tu, yaani kuiweka Windows upya. "Vitu vyako viko wapi?" Nikamjibu kwa maringo, "Kwenye D," maana Windows inakaa C, mimi vitu vyangu naweka D. Akasema basi lala usingizi. Na kweli, windo haikuigusa D. Siku nne baadaye diski ikaanza kt-kt-kt kama panya kapata mahindi makavu, C ikafa, na D ikafa. Kumbe ni diski hiyo hiyo moja, imegawanywa tu! Miaka yote nahamisha vyombo kutoka sebuleni kwenda chumbani, na nyumba inaungua.

Sikutetereka. Faili la mradi wa wimbo nilishajitumia kwa imeili. Nikalifungua kwa jirani: mistari yote ipo, rangi zake zile zile, nikabonyeza kitufe... kimya. Faili lile halibebi sauti, linabeba anwani za mahali sauti zilipo. Na zilipo ni kwenye D. Marehemu D.

Haya, kuna flashi. Vokali zote humo, WAV za biti 24 (biti hizi siyo zile za kuchezea). Dakika moja ya mono inakula kama MB 8, na huyu bwana msanii wangu kiitikio peke yake kaimba mara kumi na tisa. Huwa naitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Msumari upo.

"Mama Nasra, flashi yangu?"

"Si alikuja mama, nikampa akasikilizie taarabu."

Nikapiga simu Mbagala. "Shikamoo mama. Ile flashi..."

"Marahaba baba. Ile ilikuwa mbovu bwana, sabufa iliikataa kabisa. Nikampelekea kijana wa libreri, kasema imejaa takataka, kaifuta yote, kaniwekea nyimbo. Sasa hivi inaimba hiyo! Ahsante sana mwanangu."

Ningesema nini? Nikamwambia karibu tena.

Msanii nimemwita arudie. Kaimba mstari mmoja, kavua hedifoni. "Prodyuza, hapana. Siku ile nilikuwa na mafua, ndiyo maana ilikuwa tamu."

Sasa hivi yuko hapo nje, anamalizia barafu ya ubuyu ya tano.