Hearts walishushwa mezani: mechi nane ambazo Uskoti haikuzicheza

Jumatano ya tarehe 11 Machi 2020, mjini Paisley, Jonathan Obika aliifungia St Mirren bao pekee la mechi dhidi ya Hearts, klabu ya Edinburgh. Kilikuwa kiporo cha katikati ya wiki kati ya timu mbili za mkiani, mechi ambayo huku kwetu hata kibanda umiza hakiwezi kufungua mlango ili kuionyesha. St Mirren wakafika pointi 29. Hearts wakabaki na 23 katika mechi 30. Siku mbili baadaye soka yote ya Uskoti ikasimamishwa kwa sababu ya korona, na msimamo wa ligi ukaganda hapo hapo. Mpira haukurudi uwanjani. Tarehe 18 Mei bodi ya ligi, SPFL, ikatangaza kuwa msimu wa ligi kuu wa 2019-20 umekwisha: Celtic bingwa, Hearts wameshuka daraja.

Laiti matokeo ya Paisley yangegeuka siku ile, Hearts na St Mirren wangekuwa sawa kwa pointi 26, na Hamilton, waliokuwa wa 11 katika ligi ya timu 12, wangekuwa hatua moja tu mbele yao na 27. Bao moja la Jumatano usiku lilipewa uzito wa fainali, na wachezaji waliokuwa uwanjani hawakujua kwamba wanacheza fainali.

Mjadala wa msimu huo bado unawagawa mashabiki wa Uskoti, na kila ninapousikiliza naona watu wanajibu swali moja wakati yalikuwepo mawili. La kwanza ni kama ligi ilipaswa kukatishwa. La pili ni nani abebe hasara ya kukatishwa kwake. Kwa la kwanza nasimama na SPFL. Kwa la pili, naamini Hearts walidhulumiwa, na Partick Thistle wa daraja la chini yake walidhulumiwa zaidi.

Nianze na ubingwa, maana ndiyo sehemu nyepesi. Kwa kuwa timu hazikuwa na idadi sawa ya mechi, SPFL ilichukua pointi za kila timu ikazigawa kwa mechi ilizocheza. Celtic walikuwa na pointi 80 katika mechi 30, wastani wa 2.67. Rangers walikuwa na 67 katika mechi 29, wastani wa 2.31. Hata Rangers wangeshinda mechi zao zote 9 zilizobaki wangeishia 94, na Celtic waliopoteza mechi 2 tu msimu mzima walihitaji pointi 14 kati ya 24 kuzifikia, huku wakiwa na tofauti nzuri zaidi ya mabao. Mashabiki wa Rangers wanakumbusha kwamba tarehe 29 Desemba 2019 timu yao ilishinda 2-1 nyumbani kwa Celtic, na kwamba mechi mbili za watani hao wa jadi zilikuwa bado. Ni kweli. Lakini baada ya mapumziko ya Januari Rangers hao hao walifungwa na Hearts, wakafungwa na Kilmarnock, kisha wakafungwa nyumbani na Hamilton. Ubingwa wa tisa mfululizo wa Celtic ulikuwa umeshajengwa uwanjani.

Niseme wazi kwamba nina upendeleo kidogo hapo. Wengi wetu Afrika Mashariki tulianza kuifuatilia Celtic kwa ajili ya Victor Wanyama, aliyeruka na kuwafunga Barcelona kwa kichwa Novemba 2012. Hata hivyo hesabu haijui upendeleo wangu. Pengo la pointi 13 ni pengo la pointi 13.

Sasa chukua kipimo hicho hicho ukishushe mkiani. Hearts walikuwa nyuma ya Hamilton kwa pointi 4, na mechi 8 zilikuwa bado, yaani pointi 24. Na muundo wa ligi ya Uskoti una jambo ambalo wastani haulioni kabisa. Baada ya mechi 33 ligi hukatwa katikati: timu 6 za juu hucheza zenyewe kwa zenyewe, na 6 za chini hivyo hivyo, mechi 5 kila timu. Kwa hiyo Hearts walibakiwa na mechi 3 za kawaida, kisha 5 dhidi ya wapinzani wa chini. Hamilton wangekuwamo karibu kwa hakika, na kadhalika St Mirren na Ross County. Ushindi wa mechi za namna hiyo unakuongezea pointi na unamnyima yule yule unayemkimbiza. Ligi imeundwa makusudi ili timu za chini zimalizane zenyewe mwishoni, halafu timu iliyoburuza mkia ikahukumiwa kabla ya hatua hiyo kuanza.

Kuna na jambo la Hamilton wenyewe. Timu inayoshika nafasi ya 11 haibaki ligi kuu moja kwa moja. Inacheza mechi za mchujo na timu iliyotoka daraja la pili. Mechi hizo zilifutwa. Hamilton wakabaki bila kuvuka mtihani wao, na Inverness, waliokuwa wa pili huku chini, wakakosa nafasi ya kuupigania mlango. Hearts peke yao ndio waliopokea adhabu ya nafasi waliyokuwapo.

Partick Thistle nao walikuwa wa mwisho katika daraja la pili wakiwa na pointi 26 katika mechi 27. Queen of the South waliokuwa juu yao walikuwa na 28 katika mechi 28. Pengo la pointi 2, na kiporo mkononi. Wangeshinda kiporo hicho wangepanda juu yao. Walishushwa kwa wastani wa 0.96 dhidi ya 1.00.

Upande wa pili una hoja nzito, na sitaki kuipitia juu juu. Hearts walishinda mechi 4 kati ya 30. Nne tu. Walimtimua kocha Craig Levein mwisho wa Oktoba, wakamleta Mjerumani Daniel Stendel Desemba, na bado hawakutoka mkiani. Klabu yenye uwanja kama Tynecastle na mashabiki wengi kiasi kile haikuwa na sababu ya kuwa pale. Anayesema "mngeshinda mechi zenu mapema" anasema jambo la haki, na mashabiki wengi wa Hearts waliokasirikia SPFL walikuwa wameshaikasirikia timu yao miezi kadhaa kabla.

Isitoshe, mtu akisema kushuka kufutwe ni lazima aseme kupanda kuweje. Dundee United walikuwa wakiongoza daraja la pili kwa pointi 14. Huwezi kuwaambia warudi walikotoka kwa sababu Hearts walibakiwa na mechi. Uholanzi walifanya hivyo hasa: walifuta msimu bila bingwa, bila kushuka, bila kupanda, na Cambuur waliokuwa wakiongoza daraja la pili wakaenda mahakamani wakashindwa. Kwangu hiyo ni dhuluma kubwa kuliko ya Hearts.

Na kuendelea kucheza? Ujerumani walirudi uwanjani Mei, England Juni, na Tanzania nasi tulimaliza ligi yetu uwanjani baada ya Juni. Lakini klabu za Uskoti zinaishi kwa viingilio vya mlangoni kuliko ligi nyingi za Ulaya. Fedha zao za televisheni ni ndogo mno ukizilinganisha na za England, na kucheza viwanja vitupu huku ukilipia vipimo vya korona kungezimaliza nyingi. Kenya nao walikatisha ligi yao mwisho wa Aprili na kuwapa Gor Mahia ubingwa. Kukatisha hakukuwa kosa.

Kosa naliona katika namna uamuzi ulivyofikiwa. Pendekezo lilitoka tarehe 8 Aprili, na klabu zikaombwa zijibu kufikia saa 11 jioni ya Ijumaa, tarehe 10. Zilihitajika kura 9 kati ya 12 za ligi kuu, 8 kati ya 10 za daraja la pili, na 15 kati ya 20 za madaraja mawili ya chini. Ndani ya pendekezo hilo hilo kulikuwa na fedha: zawadi za mwisho wa msimu hulipwa kwa nafasi, na SPFL ilisema haiwezi kuzilipa mpaka nafasi zijulikane. Rangers walitaka fedha zitolewe bila kufunga msimu, bodi ikasema pendekezo lao halifai kisheria. Klabu ndogo isiyo na shilingi ya mshahara wa mwezi unaofuata iliulizwa maswali mawili kwa karatasi moja: unataka fedha yako, na unakubali wenzako washuke? Jibu lilikuwa moja tu kwa yote mawili.

Ijumaa ile usiku SPFL ilitangaza hesabu. Ligi kuu 10 ndiyo. Madaraja ya chini yalivuka. Daraja la pili lilikuwa na 7 za ndiyo na 2 za hapana, na kura moja haikuonekana. Ilikuwa ya Dundee, klabu nyingine, si Dundee United. Walikuwa wameituma kwa barua pepe kabla ya saa 11, nayo ilisema hapana, ikanaswa na mfumo unaochuja barua za kutiliwa shaka. Baadaye Dundee wakaomba isihesabiwe. Kisheria klabu zilikuwa na siku 28 za kujibu, kwa hiyo ile saa 11 haikuwafunga. Kwa siku tano hatima ya Hearts, ya Partick Thistle na ya Stranraer wa daraja la tatu ilikuwa mikononi mwa klabu moja ambayo sasa ilijua wazi kuwa kura yake ndiyo inayoamua. Jumatano tarehe 15 Aprili Dundee wakapiga ndiyo, baada ya mazungumzo yaliyogusa upanuzi wa ligi.

Sisemi kuna rushwa. Ukaguzi wa kampuni ya Deloitte haukuona mwenendo mbaya, na Rangers walipodai uchunguzi huru tarehe 12 Mei walipata kura 13 dhidi ya 27. Ninachosema ni kwamba unapowauliza washindani wampigie kura mshindani mwenzao, ukiwa umeshawaonyesha msimamo wa ligi, kila mmoja anajua jina la atakayeumia na kiasi atakachopata yeye. Hata watu waadilifu hawawezi kutoa uamuzi unaoaminika katika hali hiyo. Kanuni ya kukatisha msimu inapaswa kuandikwa Julai, kila timu ikiwa na pointi sifuri.

Njia ya kuponya ilikuwepo. Ubelgiji walikuwa wamewashusha Waasland-Beveren, wakabatilisha na kupanua ligi hadi timu 18. Nchini Uskoti ilitajwa ligi kuu ya timu 14: Dundee United na Inverness wapande, Hearts wabaki, Partick wabaki. Kamati ya kulijadili ilipewa wenyeviti wawili, Ann Budge wa Hearts na Les Gray wa Hamilton, yaani wa 12 na wa 11. Hapo namwelewa kila aliyetilia shaka, kwani ungeitaka kamati ile iongozwe na watu wasio na maslahi ya moja kwa moja. Tarehe 15 Juni klabu 16 tu kati ya 42 zikaunga mkono. Timu mbili zaidi maana yake ni mgawo mdogo wa fedha kwa kila mmoja, mwaka ambao mapato ya mlangoni hayakuwa na uhakika. Naielewa sababu hiyo. Lakini ni sababu ya kifedha, na tusiivishe joho la haki ya kimichezo.

Hearts na Partick Thistle wakaenda mahakama ya Court of Session mjini Edinburgh, wakidai kutoshushwa, ama fidia ya pauni milioni 8 na milioni 2. Hapa nao waliwaumiza wasio na hatia: Dundee United, Raith Rovers na Cove Rangers, waliopanda kwa jasho lao, wakalazimika kulipa mawakili kujitetea na kuchangisha mashabiki. Jaji Lord Clark akalipeleka shauri kwenye usuluhishi wa chama cha soka, na tarehe 27 Julai madai yakatupwa. Siku tano baadaye msimu mpya ukaanza.

Yaliyofuata kila upande unayatumia. Mechi ya kwanza ya Hearts katika daraja la pili iliwakutanisha na Dundee, na wakawafunga 6-2. Wakatwaa ubingwa wa daraja hilo, na mwaka uliofuata wakamaliza wa tatu ligi kuu. Wengine wanasema basi hawakuumia. Mimi nasema timu iliyoweza hayo ilistahili kupewa mechi zake 8. Hamilton, waliookolewa na kalamu, wakashuka msimu wa 2020-21 wakiwa wa mwisho.

Kombe la Uskoti la msimu ule uliokatishwa halikufutwa, liliahirishwa. Fainali ikachezwa tarehe 20 Desemba 2020 katika uwanja mtupu wa Hampden, Celtic dhidi ya Hearts, bingwa wa mezani dhidi ya aliyeshushwa mezani. Celtic wakaongoza 2-0, Hearts wakasawazisha. Leigh Griffiths akafunga la tatu katika muda wa nyongeza, Josh Ginnelly akarudisha. Ikawa 3-3. Celtic wakashinda kwa penalti 4-3, na hakuna klabu iliyopeleka malalamiko popote.