Kurudisha au kuongeza: kulikalisha gari dogo barabarani kwa fedha kidogo

Mtu aliyenunua Toyota IST, Vitz au Subaru Impreza iliyotoka Japani ikiwa imekwisha kutembea kilomita laki moja, kisha akaiendesha miaka kadhaa kati ya matuta ya mjini na mashimo ya barabara za pembezoni, hufika mahali akaona kwamba gari halitulii tena. Linalala sana kwenye kona, usukani unataka kurekebishwa kila mara hata barabara ikiwa imenyooka, na lori likipita kwa kasi upande wa pili gari zima linayumba. Fedha aliyonayo haitoshi kununua kila anachoshauriwa, na ushauri wenyewe huja kutoka kambi mbili. Kambi ya kwanza humtaka arudishe kilichochakaa katika hali ya kiwandani kabla ya kufikiria kingine chochote. Kambi ya pili hujibu kwamba kiwanda kilitengeneza gari laini la familia, kwa hiyo kurudisha hali hiyo ni kulipa ili kubaki pale pale. Afadhali anunue springi fupi, rimu pana na stabilaiza (fimbo ya kuzuia bodi kulala) nene, gari libadilike kweli. Mimi naegemea kambi ya kwanza, ingawa katika jambo moja naamini kambi ya pili ina haki kabisa.

Kabla ya kuzipima hoja hizo, ni lazima tuseme habari ya matairi, kwa kuwa mabishano mengi huyaruka. Nguvu zote za kukata kona, kufunga breki na kuongeza mwendo hupita katika vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima. Mpira ukizeeka hukakamaa, na tairi la mtumba lenye meno marefu na sura nzuri linaweza kushika lami vibaya kuliko tairi jipya la bei ya chini, hasa mvua inaponyesha. Umri wake haufichiki: ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne, na 2319 maana yake ni kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo nao hugharimu kidogo sana au haugharimu kitu. Magari ya Japani huwa na kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva kinachoonyesha kipimo kwa kilopaskali. 230 ni sawa na psi 33 hivi. Hata hivyo madereva wengi hujaziwa upepo kwa mazoea ya anayejaza, na gari lenye tairi za mbele zilizolegea huitikia usukani kwa kuchelewa, mwenye gari akadhani shokapu zimekufa.

Hoja ya kurudisha huanzia kwenye ukweli kwamba vifaa vya chini ya gari huchakaa polepole, na dereva huzoea kila hatua ya uchakavu bila kuitambua. Shokapu iliyoishiwa nguvu haiwezi kuizuia springi kucheza, kwa hiyo kwenye lami yenye mawimbi gurudumu hurukaruka badala ya kuikanyaga barabara, na umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huongezeka. Baadhi ya watengenezaji hushauri shokapu zibadilishwe zikifika kilomita 80,000 hivi, na hesabu hiyo haikupigwa kwa barabara zenye matuta kila mita mia chache. Bushi za mikono ya chini, yaani mipira iliyo kwenye viungo vya vyuma vinavyoshika magurudumu, zikipasuka, gurudumu hubadili mwelekeo wake kidogo kila dereva anapokanyaga breki au kuingia kwenye kona, na hakuna springi ya bei yoyote inayoweza kuponya tatizo hilo. Boljointi na tairodi endi, yaani viungo vya kugeuzia magurudumu, na linki za stabilaiza zikilegea hutoa kelele na kuufanya usukani uwe na mchezo. Kambi hii ikisema kwamba gari lililo hivyo haliwezi hata kuonyesha tabia yake halisi, inasema kweli, kwa sababu anayeweka springi ngumu juu ya bushi zilizopasuka anaongeza nguvu zinazovuta mahali ambapo tayari pamelegea.

Alaimenti, yaani kupimwa na kurekebishwa kwa mwelekeo wa magurudumu, ndiyo kazi ndogo inayoleta tofauti kubwa kuliko zote kwa bei yake. Magurudumu ya mbele yakipinda ndani au nje kwa milimita chache tu, gari hutangatanga na tairi huliwa upande mmoja. Hapa pana jambo ambalo mwenye IST au Vitz anapaswa kulijua: nyuma gari hilo lina boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, na mwelekeo wa magurudumu hayo haurekebishwi kwa kukaza wala kulegeza bolti. Mashine ikionyesha kwamba nyuma pamepinda, inafaa kuuliza kuhusu boriti yenyewe au bushi zake, na kuwa na mashaka na fundi anayesema amekwisha kuparekebisha.

Hata hivyo kambi ya kurudisha ina udhaifu ambao wafuasi wake hawapendi kuusema. Wanazungumza kana kwamba kurudisha ni rahisi na kuna mwisho. Kwa kweli mtu anaweza kwenda Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, akanunua bushi zilizomo ndani ya boksi lenye jina kubwa, na mpira wake ukapasuka ndani ya miezi michache. Bushi nyingi hushindiliwa kwa mashine, na fundi asiye na mashine huzipiga nyundo, akaziumiza kabla hazijaanza kazi. Zikifungwa gari likiwa bado limening'inia kwenye jeki, mpira hujisokota mara gari linaposhuka na hubaki umejisokota maisha yake yote. Ndiyo maana bolti za bushi hupaswa kukazwa magurudumu yakiwa yamebeba uzito wa gari. Kuhusu shokapu zilizotumika Japani, ambazo wengi huzisifu kuliko mpya za bei rahisi, nakubali kwamba nyingine ni nzima, ila mnunuzi hana njia ya kujua zimebakiza nini, na kuzibonyeza kwa mkono dukani hakumwambii mengi. Kwa sababu hizo kurudisha kila kitu kwa pamoja kunaweza kumeza fedha nyingi kuliko alivyokusudia, na mtu akachoka njiani akiwa amebadilisha vitu nusu nusu.

Sasa kambi ya pili. Hoja yake yenye nguvu zaidi ni stabilaiza, ile fimbo inayounganisha upande mmoja na mwingine na kuzuia bodi isilale. Magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele hutoka kiwandani yakiwa yamepangwa ili, yakizidiwa na kona, pua ikimbilie nje na dereva apunguze mwendo. Ni mpango wa usalama, lakini hulifanya gari kuwa zito kugeuka. Stabilaiza nene zaidi nyuma hupunguza tabia hiyo bila kuligusa umbo la gari wala kulishusha, na wenye Impreza wanaweza kuipata kutoka kwenye gari la toleo la michezo lililokatwakatwa kwa ajili ya spea. Ugumu wa fimbo hiyo hupanda kwa kipeo cha nne cha unene wake, hivyo kutoka milimita 17 hadi 20 huongeza ugumu karibu maradufu. Hapo ndipo pana faida na hatari pamoja, kwani gari ambalo jana lilikuwa likikimbiza pua linaweza kuanza kutoa mkia kwenye kona yenye maji, na dereva wa kawaida hushindwa kuurudisha mkia kuliko kuidhibiti pua. Kwa anayepanda na kushuka barabara ya Mombo hadi Lushoto mara kwa mara, huku matairi yake yakiwa mazuri, naiona fedha hiyo kuwa imetumika vema. Kwa mwenye tairi kipara naiona kuwa ni kosa.

Kuhusu kushusha gari, nimeshawishika kidogo zaidi na wanaokataa, hasa kwa kukata springi, kazi ambayo gharama yake ni ya fundi peke yake na ndiyo maana hupendwa. Wanaoitetea husema kitovu cha uzito kikishuka gari hutulia. Ni kweli, ila kiasi chake ni kidogo: kwa gari ambalo kitovu hicho kiko kama sentimita 55 kutoka ardhini, kushusha sentimita 3 hupunguza uzito unaohamia magurudumu ya nje kwa takriban asilimia 5. Katika mfumo wa mbele wa MacPherson, ambamo shokapu na springi ni nguzo moja inayoshika gurudumu, na uliomo katika magari yote matatu niliyoyataja, kushusha huko huteremsha pia sehemu ambayo bodi huizunguka inapolala, na sehemu hiyo mara nyingi hushuka haraka kuliko kitovu cha uzito, kwa hiyo bodi hubaki na mkono mrefu wa kuibinua. Springi iliyokatwa mzunguko mmoja kati ya sita huwa ngumu kwa asilimia 20, lakini ncha yake haikai tena sawasawa kwenye kikalio, na gurudumu likining'inia inaweza kuhama mahali pake. Juu ya hayo yote kuna matuta yetu. Magari ya Safari Rally, hata Impreza ambayo dereva Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997, hayakushushwa. Yaliinuliwa na kupewa shokapu zenye mwendo mrefu, kwa sababu gurudumu lisilo na nafasi ya kupanda na kushuka haliwezi kuishika njia mbovu.

Mfano huo usimpe nguvu anayeinua gari kwa spesa, yaani vipande vinavyowekwa juu ya springi au shokapu. Spesa huliinua gari bila kuongeza mwendo wa shokapu. Hupandisha kitovu cha uzito na kuzipinda jointi za ekseli na boljointi kuliko zilivyokusudiwa. Anayeishi mahali ambapo sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, hugonga mawe kila siku ana sababu ya haki ya kuziweka, na sentimita mbili zinavumilika, mradi ajue kwamba amenunua nafasi ya chini na kuilipia kwa utulivu wa kona.

Rimu kubwa hazihitaji maneno mengi. Kutoka tairi la 185/65 R15 hadi 205/45 R17 kimo cha tairi zima karibu hakibadiliki, lakini ubavu hupungua kutoka milimita 120 hadi 92, usukani ukawa mwepesi kuitikia na rimu ikawa karibu zaidi na kila shimo.

Kwa mwenye fedha ya kufanya jambo moja tu mwaka huu, ningemwambia apime upepo, asome umri wa matairi, akague bushi na jointi, kisha aende alaimenti. Kilichobaki kiwekwe akiba ya matairi mawili mazuri, na hayo yafungwe nyuma hata kama gari linavutwa na magurudumu ya mbele, kwa sababu ya ule mkia kwenye maji. Shokapu zifuate, zikibadilishwa mbili mbili kwa kila ekseli. Stabilaiza ije baada ya hapo. Na kila mara urefu wa gari unapobadilika, kwa springi mpya au kwa spesa, mwelekeo wa magurudumu hubadilika nao, kwa hiyo bei ya alaimenti nyingine iingizwe katika hesabu siku ile ile ya kununua.