Mbawakawa wa gome na wa kisiki si mmoja
Hapo mnaposema mbawakawa wanaokula miti ndo wanaua misitu ya Ujerumani kwahiyo visiki vilivyooza viondolewe vyote, mmechanganya wadudu wawili jamani. Muuaji ni yule mdogo wa gome, Ips typographus, milimita 4 mpaka 5 tu, anatoboa gome la msprusi (mti wa nchi za baridi wenye majani kama sindano) ulio hai lakini umechoka na ukame, anataga humo, na joto likizidi anatoa vizazi viwili hata vitatu kwa msimu. Mi nimebandua gome kule milima ya Harz, Ujerumani, chini unakuta mfereji aliochimba mama na vijia vya mabuu vimetoka pembeni kama mistari ya kitabu, unga wa kahawia unakumwagikia mkononi. Mti huo sawa, utolewe haraka. Ila yule mkubwa wa kisiki, Lucanus cervus, mwenye mataya watu wanayoita pembe, mti ulio hai hana shida nao kabisa, buu lake linakaa ardhini miaka kadhaa likila mizizi ya mwaloni iliyokwishaoza, akitoka anaishi wiki chache tu za kiangazi anaramba utomvu na kutafuta jike. Mking'oa visiki mnamuua huyo asiye na kosa. Mlioko Ulaya, nani amewahi kumwona akiruka jioni mwezi wa sita?