Kabla hujaipa shule zawadi, uliza nani atanunua LUKU

Nikiwa kidato cha sita nilichaguliwa kusoma risala ya mahafali. Waliosoma shule za bweni za serikali wanaujua mpangilio wake: unamshukuru mgeni rasmi kwa kuacha shughuli zake nyingi, unapita haraka kwenye historia ya shule na mafanikio ya taaluma, halafu unafika ukurasa wenyewe, wa changamoto. Uchakavu wa vyoo, upungufu wa mabweni, ukosefu wa uzio. Mwalimu aliyenifanyisha mazoezi aliniambia hapo nipunguze mwendo na nimtazame mgeni machoni. Mgeni mwenyewe alikuwa mhitimu wa shule yetu, mambo yamemnyookea, na aliposimama aliahidi mifuko 100 ya saruji. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Tumeondoka pale hatujauona hata mfuko mmoja.

Kwa miaka mingi niliamini hiyo ndiyo dhambi kubwa ya wahitimu, kuahidi na kutokomea. Mpaka nilipokuwa mtoaji mimi mwenyewe.

Mwaka 2017 kundi letu la WhatsApp lilichanga tukanunua kompyuta 15 za mtumba pale Kariakoo. Tulichapisha fulana. Dada mmoja mwenye cherehani alishona vifuniko vya kitambaa cha bluu, kila mashine na chake. Utepe ulikatwa, tukapiga picha na mkuu wa shule, tukala pilau, tukarudi mjini roho kwatu.

Mwaka 2022 nilikuwa naelekea msibani, nikapitia shuleni. Mwalimu wa zamu alitafuta ufunguo wa chumba cha kompyuta karibu nusu saa. Vifuniko vilikuwepo vyote 15, vya upande wa dirisha vimepauka, na juu yake vumbi unaloweza kuandikia jina.

"Kaka, tatizo ni LUKU," akasema, kwa sauti ya mtu anayeona haya kwa niaba ya wengine. LUKU ni umeme wa kununua kabla ya kutumia, na mita ni moja: inasukuma pampu ya maji, inawasha taa za prepo, yaani kujisomea usiku, inahudumia ofisi. Uniti zikikaribia kuisha, wewe ungezima nini?

Nilikasirika njia nzima, na kwanza nilimkasirikia mkuu wa shule. Nilipotulia nikafanya hesabu. Kabla ya mwaka 2016 mzazi wa mtoto wa bweni alilipa ada ya shilingi 70,000 kwa mwaka, na juu yake michango ya kila aina. Ada ikafutwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku michango shuleni, na mimi nilifurahi maana nina wadogo zangu waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa ya madawati. Lakini kwa mkuu wa shule maana yake ni kwamba anaishi kwa ruzuku inayokokotolewa kwa idadi ya wanafunzi. Hakuna fungu la kuhudumia vitu vilivyoshushwa na wahitimu wenye fulana mpya. Tulimpelekea vinywa 15 vya kulisha wakati mfuko wake umeshonwa.

Kuna wanaosema hiyo ni kazi ya serikali, wahitimu tusiingilie. Ni kweli ni kazi yake, na ilipokarabati shule kongwe kama Mzumbe, Ilboru, Pugu na Tabora, tofauti ilionekana kwa macho. Ila shule yetu si kongwe. Tabora walimsomesha Nyerere, Pugu aliwafundisha. Sisi tuna mbunge mmoja wa zamani, naye hapokei simu. Tusipokwenda sisi, shule haina wa kumngoja.

Siku hizi nikifika shuleni naanzia jikoni. Mpishi mkuu ni mama aliyekuwa anatupikia sisi, bado ananiita "mwanangu wa ukoko" kwa sababu ninazozijua mimi na yeye. Alinionyesha sufuria kubwa ya maharage iliyotoboka chini ikazibwa kwa bati, akaniambia ikichemka sana kiraka kinalia. Moshi wa kuni ulikuwa umemtoa machozi kabla hajaanza kueleza. Hakuna risala iliyowahi kuitaja ile sufuria.

Nikaiweka picha yake kwenye kundi. Dakika mbili hazijapita, mwenzetu mmoja mwenye uwezo akaandika: "Natoa jiko la gesi." Emoji za makofi zikamiminika. Na kweli serikali imeshaagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa. Nikauliza, gesi ikiisha anajaza nani? Kundi likanyamaza kama lina msiba. Kwa muda mrefu hesabu ya chakula cha mwanafunzi wa bweni imekuwa shilingi 1,500 kwa siku, milo yote. Humo utachomoa ya mtungi?

Msimamo wangu ndio huo, na umenipunguzia marafiki: ukitoa kitu kinachokula, toa na chakula chake, la sivyo usitoe. Sasa tuna mfuko mdogo, 10,000 kwa mwezi kwa anayeweza. Tumenunua sufuria mbili, tunamlipa fundi wa pampu, na kila mwezi mweka hazina anatuma shuleni tarakimu 20 za tokeni ya LUKU. Kompyuta saba zimewaka, nane zimekufa. Si kazi ya kupigia picha. Tulianza watu 60 na kitu, wanaochanga sasa ni 23.

Mwenzetu wa jiko la gesi alibadili mawazo akajenga geti. Nimeliona mwezi uliopita: nguzo za mawe, chuma kizuri, jina lake kwa rangi ya dhahabu, na mlinzi wa kulifungua. Uzio bado haujajengwa, kwa hiyo wanafunzi wanapita pembeni, pamoja na mbuzi wa kijijini.